Basi la Ghorofa la Wakati wa Vita Katika Kiganja cha Mkono

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kutengeneza magari ya waya, mabati na vifuniko vya chupa. Gari la namna hiyo hutosheleza likiwa na magurudumu yanayozunguka na usukani wa kushika. Hakuna anayeuliza kama urefu wake unalingana na upana wake. Modeli ya vipimo ni kitu kingine. Hiyo hudai kwamba kila sehemu yake imepatikana kwa kugawa kipimo cha kitu halisi kwa namba moja tu, na kwamba mwenye shaka anaweza kuchukua rula akahakikisha. Kwa sababu hiyo modeli ni aina ya hoja. Inasema, "Kitu hiki kilikuwa hivi". Na kama hoja nyingine zote, yaweza kuwa kweli au uongo.

Nchini Uingereza wako watu wanaotumia saa zao za mapumziko kujenga modeli za mabasi, na baadhi yao wamejichagulia kazi yenye mtego wa pekee: mabasi ya ghorofa yaliyotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mtego hautokani na urembo wa mabasi hayo, kwani urembo hayakuwa nao. Unatokana na tabia ya mkono wa fundi stadi, ambao hupenda kulainisha kila kona na kung'arisha kila uso. Basi la vita lilikuwa na kona kali, rangi iliyofifia na viti vya mbao. Fundi akilipendezesha amelisahihisha, na akilisahihisha amepotosha ushahidi wa historia.

Basi lililozaliwa na uhaba

Vita vilipoanza mwezi Septemba 1939, viwanda vya magari vya Uingereza viligeuzwa hatua kwa hatua kuwa viwanda vya zana za kijeshi. Katika mwaka 1940, baada ya Ufaransa kushindwa, utengenezaji wa mabasi ya raia ulikatizwa. Lakini mahitaji ya usafiri hayakukatizwa. Mabasi mengine yaliharibiwa na mabomu, mengine yalichakaa, na maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha walipaswa kufika kazini kila siku. Hivyo mwaka 1941 serikali iliruhusu kwanza vipuri vilivyokuwa vimezuiliwa maghalani viunganishwe na kuwa mabasi. Waingereza waliyaita mabasi hayo "yaliyoyeyushwa", kana kwamba yalikuwa yamegandishwa katika barafu.

Akiba hiyo ilipokwisha, ukatolewa mpango wa basi la aina moja kwa nchi nzima, lenye mambo ya lazima tu. Kiwanda cha Guy, kilichokuwa Wolverhampton, kilianza kutoa chasisi iliyoitwa Arab mwaka 1942. Kilifuatwa na Daimler, ambacho karakana zake za Coventry zilikuwa zimepigwa mabomu mwaka 1940. Na mwaka 1944 kiwanda cha Bristol nacho kikarudi katika kazi hiyo. Bodi zilijengwa na makampuni mengine, miongoni mwao Park Royal, Weymann, Duple na Northern Counties. Shirika la usafiri la London peke yake lilipokea mabasi 435 ya Guy.

Kila tofauti kati ya basi hilo na basi la wakati wa amani ilikuwa na sababu yake. Aluminiamu ilihitajika kwa ndege; kwa hiyo mabamba ya bodi yakawa ya chuma, na sehemu nyingi za chasisi zikawa za chuma cha kusubu, jambo lililoongeza uzito. Vioo vilikuwa adimu. Basi dirisha la dharura la nyuma, katika ghorofa ya juu, likazibwa kwa bamba la chuma. Madirisha ya kufunguka yalihitaji vipuri na kazi nyingi. Hivyo kila ghorofa ilipewa mawili tu, moja kila upande. Ngozi na vitambaa vya viti vilipopungua, abiria waliketi juu ya vipande vya mbao vilivyopangwa kama vya benchi la bustani. Usiku nchi nzima ilikuwa chini ya amri ya giza ili ndege za adui zisione miji. Kwa hiyo taa za mbele zilivikwa vifuniko vyenye mianya midogo, na kingo za madigadi zikapakwa rangi nyeupe ili waendao kwa miguu waweze kuliona basi gizani.

Ni dhahiri, basi, kwamba umbo la gari hilo halikuchaguliwa na msanii. Liliamuliwa na orodha ya vitu visivyopatikana. Mjenzi wa modeli asiyeijua orodha hiyo atafungua madirisha mahali yalipokuwa hayafunguki, na atatia kioo mahali palipokuwa na chuma.

Jiometri ya kona

Kati ya dalili zote za basi la vita, iliyo wazi zaidi ni paa lake, hasa sehemu ya nyuma. Katika basi la wakati wa amani paa lilishuka nyuma kwa mviringo laini, mfano wa ganda la yai. Katika basi la vita sehemu hiyo ilijengwa kwa vipande vilivyokutana kwa pembe, kama bahasha iliyokunjwa. Sababu yake ni somo zuri la hisabati.

Chukua karatasi uizungushie chupa: italala juu ya chupa bila kukunjamana. Jaribu kuifunika chungwa kwa karatasi hiyo hiyo: itajikunja au itachanika. Tofauti hiyo ilielezwa na mwanahisabati Mjerumani, Carl Friedrich Gauss, mwaka 1827. Uso wa chupa umepinda upande mmoja tu, hivyo unaweza kutandazwa ukawa bapa bila kubadili umbali wowote uliomo ndani yake. Uso wa chungwa umepinda pande mbili kwa pamoja, na hauwezi kutandazwa bila kuvutwa au kuchanwa. Ndiyo maana pia hakuna ramani bapa ya dunia isiyopotosha kitu fulani.

Bamba la chuma hufuata sheria ile ile. Kulipinda upande mmoja ni kazi ya mashine nyepesi. Kulipinda pande mbili, chuma hakina budi kuvutwa mahali pamoja na kubanwa mahali pengine, ama kwa mashine kubwa ya kukandamiza, ama kwa nyundo ya fundi mwenye ujuzi wa miaka mingi. Mafundi wa namna hiyo walikuwa wakitakiwa katika viwanda vya ndege. Kwa kukosa mikono yao, basi likajengwa kwa nyuso zinazoweza kutandazwa.

Hapa pana faida isiyotazamiwa. Gari ambalo karibu nyuso zake zote hutandazika laweza kuchorwa lote juu ya kadibodi, likakatwa na kukunjwa. Uhaba uliowalazimisha mafundi wa mwaka 1942 kuacha mviringo ndio unaomwezesha mwanafunzi mwenye rula, wembe na gundi kujenga modeli yenye umbo sahihi. Basi zuri zaidi la mwaka 1938 lingemshinda.

Namba ya kugawia

Wajenzi wengi wa Uingereza hutumia skeli ya milimita 4 kwa futi moja. Kwa kuwa futi moja ina milimita 304.8, namba ya kugawia ni 76.2, na kwa kawaida skeli hiyo huandikwa 1/76. Asili yake ni modeli za reli. Mota za umeme za zamani zilikuwa kubwa mno kwa vichwa vidogo vya treni vya Kiingereza. Watengenezaji wakakuza bodi hadi milimita 4 kwa futi, lakini reli wakaziacha katika upana wa milimita 16.5, ambao uliifaa skeli ya milimita 3.5. Tangu hapo treni hizo zimesafiri juu ya reli nyembamba kuliko inavyostahili. Basi halihitaji reli, hivyo limeepukana na kosa hilo.

Sheria ya Uingereza wakati huo iliweka kikomo cha futi 26 kwa urefu wa basi la ghorofa la magurudumu manne, na futi 7 na nusu kwa upana. Kwa skeli iliyotajwa, modeli itakuwa na urefu wa milimita 104 na upana wa milimita 30. Kimo kilikuwa cha namna mbili. Basi la kawaida lilikaribia futi 14 na nusu, yaani milimita 58 katika modeli. Basi la pili, lililokusudiwa kupita chini ya madaraja ya chini ya reli, lilikuwa fupi kwa takriban futi moja, yaani milimita 4. Ili kuupata ufupi huo, njia ya abiria katika ghorofa ya juu ilishushwa na kuwekwa kando, na abiria wanne wakaketi katika safu moja. Abiria wa ghorofa ya chini waliokuwa wakiinuka chini ya njia hiyo walipaswa kuvilinda vichwa vyao. Mjenzi anayechanganya aina hizi mbili hupotea kwa milimita 4 tu, lakini amejenga basi ambalo halikuwapo.

Mambo yasiyokubali kugawanywa

Si kila kitu hupungua kwa utii. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 0.9, likigawanywa kwa 76, huwa na unene wa milimita 0.012. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa milimita 0.1 hivi, yaani mara nane ya kipimo hicho. Kadibodi ya nusu milimita, katika ulimwengu wa modeli, ni ukuta wa sentimita 3.8. Mjenzi hawezi kuondoa tatizo hili. Anaweza kulificha tu, kwa kuchonga kingo za madirisha kwa mshazari kutoka ndani ili jicho lione ukingo mwembamba.

Uzito nao una sheria yake. Urefu ukigawanywa kwa 76.2, eneo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha namba hiyo, na ujazo kwa kipeo chake cha tatu, ambacho ni takriban 442,000. Basi tupu lenye uzito wa kilo 7,500, kama lingepunguzwa lote kwa usawa, lingekuwa na gramu 17. Modeli za kiwandani, zinazosubiwa kwa aloi ya zinki, huwa nzito zaidi kwa sababu ile ile ya unene wa kuta.

Jicho la mwanadamu nalo lina kikomo. Kwa umbali wa sentimita 30, jicho zima haliwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya milimita 0.09 hivi, sawa na milimita 7 za basi halisi. Kwa hiyo wavu uliogandishwa juu ya vioo vya mabasi, ili vipande visiruke bomu likilipuka, hauhitaji kufumwa katika modeli. Nyuzi zake hazingeonekana. Kioo kikifanywa chenye ukungu hafifu, kimesema kweli zaidi kuliko wavu mnene wa kitambaa. Kwa upande mwingine, nguzo ya kushikia yenye kipenyo cha milimita 32 haifichiki: hutakiwa waya wa milimita 0.4, si zaidi.

Hata rangi hubadilika. Anayeitazama modeli kwa umbali wa nusu mita ni kama anayelitazama basi kutoka mita 38. Vitu vya mbali huonekana vimepoa rangi, kwa sababu hewa iliyo katikati hutawanya mwanga. Kwa hiyo wajenzi wengi huongeza tone la rangi nyeupe katika rangi halisi. Mng'aro nao hupunguzwa.

Shahidi gani aaminiwe?

Mjenzi makini hutumia muda mwingi zaidi kuuliza kuliko kukata. Ushahidi wake ni wa aina tatu: michoro, picha na mabasi yaliyosalia. Hakuna hata mmoja unaotosha peke yake.

Michoro huonyesha kilichokusudiwa. Wakati wa vita kilichokusudiwa na kilichofanyika vilitofautiana kila mara ghala lilipokosa kitu. Picha huonyesha kilichofanyika, lakini nyingi ni za rangi nyeusi na nyeupe. Isitoshe, filamu za zamani za aina fulani hazikuhisi mwanga mwekundu. Basi jekundu likatokea karibu jeusi. Anayesoma rangi kutoka katika picha hizo bila kujua aina ya filamu anaweza kukosea kabisa, hasa kwa kuwa baadhi ya mabasi yalitoka kiwandani yakiwa ya kijivu tu.

Shahidi wa tatu, yaani basi lenyewe, huonekana kuwa wa kuaminika kuliko wote, lakini ndiye anayehitaji kuhojiwa zaidi. Mbao za bodi zilipaswa kukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Vita havikutoa nafasi hiyo. Mbao mbichi ziliponywea baada ya kuunganishwa, viungo vililegea, maji ya mvua yakaingia na ukungu ukaziozesha. Miaka michache tu baada ya vita bodi nyingi zilikuwa zimejengwa upya au kutupwa, ilhali chasisi nzito za chuma ziliendelea kuishi. Mji wa Edinburgh, kwa mfano, ulinunua Guy 60 zilizokwisha kutumika London, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikavikwa bodi mpya kabisa. Anayelipima basi la namna hiyo anapima injini ya vita iliyovaa nguo za amani.

Kwa hiyo mjenzi hana budi kuchagua basi moja, lenye namba moja, katika mwaka mmoja. Hata chasisi ya Guy haikuwa moja: toleo la pili, lililoanza mwaka 1943, lilirefushwa mbele ili injini ya silinda sita iweze kuingia badala ya ile ya silinda tano, na madigadi yake yakachomoza. Kuanzia mwaka 1945 masharti yalilegezwa, viti vya mito vikarudi na madirisha ya kufunguka yakaongezeka. Swali, "Basi la vita lilikuwaje?" halina jibu. Swali, "Basi hili lilikuwaje mwaka 1943?" laweza kupata jibu.

Jaribio la kuinamisha

Shule isiyo na modeli ya kiwandani haina sababu ya kukaa kando. Wanafunzi waweza kukunja sanduku la kadibodi lenye vipimo vilivyotajwa, wakalitilia sakafu mbili, na wakalitumia kwa jaribio lililofanywa na Waingereza juu ya mabasi halisi tangu miaka ya 1930. Sheria ilidai kwamba basi, likiwa na uzito wa abiria kamili katika ghorofa ya juu na ghorofa ya chini ikiwa tupu, liinamishwe upande hadi nyuzi 28 bila kupinduka. Mifuko ya mchanga ilikaa mahali pa abiria.

Gari hupinduka pale mstari wima unaoshuka kutoka kitovu cha uzito unapotoka nje ya magurudumu. Tanjenti ya pembe ya kupindukia ni nusu ya upana wa magurudumu ikigawanywa kwa kimo cha kitovu. Namba hizo mbili zikipunguzwa kwa skeli moja, jibu halibadiliki. Pembe haijui skeli, na ndiyo sababu kisanduku kinaweza kusema kweli juu ya gari la tani nyingi.

Tuseme modeli ina gramu 40, kitovu chake kiko milimita 22 juu ya meza, na nusu ya upana wa magurudumu ni milimita 14. Sarafu za gramu 20 zikiwekwa ghorofa ya juu, kwa kimo cha milimita 36, kitovu hupanda hadi milimita 26.7. Tanjenti ni 0.525 na pembe ni nyuzi 27.7. Basi limeshindwa, ingawa kwa nafasi ndogo mno. Sasa gramu 10 za chuma zigandishwe chini, kwa kimo cha milimita 8. Kitovu hushuka hadi milimita 24, na pembe hufika nyuzi 30.3. Basi limefaulu. Hapo wanafunzi watatambua kwamba chuma cha kusubu, kilichoifanya chasisi ya vita kuwa nzito na yenye kula mafuta, kiliushusha pia uzito karibu na barabara.

Jaribio lifanyiwe juu ya ubao wenye ukingo mwembamba wa kuzuia magurudumu yasiteleze, na pembe ipimwe kwa kipimapembe. Tofauti kidogo kati ya hesabu na kipimo itatokea. Katika basi halisi tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa springi za upande wa chini hubonyea na kuliinamisha gari zaidi ya ubao wenyewe. Wembe utumiwe kwa kukata kuelekea mbali na vidole. Na anayepata modeli ya zamani iliyosubiwa kwa bati na risasi asiipige tupa bila kufunika pua, kwani vumbi la risasi ni sumu.

Kazi ikikamilika, mezani patakuwa na kitu chenye urefu wa sentimita kumi na kidogo, chenye kona kali nyuma, madirisha machache ya kufunguka na ukingo mweupe juu ya madigadi. Mgeni atakayekitazama huenda akasema kwamba fundi alishindwa kuuzungusha mgongo wa paa. Mwanafunzi aliyekijenga ataweza kumjibu kwamba paa lilikuwa hivyo, na ataweza kueleza kwa nini.